Bidoni ya lita 5 na nyangumi wa mita 17

Kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi huko Kongo, siku ya kupima watoto haianzi na mtoto. Mama yangu ni mhudumu wa afya wa kujitolea mtaani tangu mimi niko shule ya msingi. Kila Jumatano asubuhi anafunga mizani kwenye tawi la mwembe, kisha anatundika bidoni, yaani dumu, ya lita 5 iliyojaa maji. Mshale ukisimama kwenye kilo 5 na kidogo, ile kidogo ikiwa ni plastiki yenyewe, anaita mtoto wa kwanza. Mshale ukikataa, akina mama wote wanangoja kwenye viti, hata kama jua limepanda, mpaka mizani irekebishwe. Nimekua nikiiona bidoni hiyo kama sehemu ya uwanja, sawa na ndoo na fagio. Maana yake niliijua nikiwa na miaka 34, wakati napima nyangumi kwenye kompyuta, katika chumba kilekile cha nyuma ambamo bidoni hiyo inawekwa.

Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote, na mita kama 1,200 juu ya usawa wake. Samaki wa maji ya chumvi tunamjua akiwa ameganda ndani ya katoni. Mimi ni mpimaji ardhi. Kwa miaka 7 nilirusha droni juu ya migodi, kati ya hapa, Likasi na Kolwezi, nikipima marundo ya mawe ya shaba: unapiga picha mia kadhaa, kompyuta inaziunganisha, unatoa ujazo wa rundo, na watu wa hesabu wanaugeuza kuwa tani. Mkataba wangu ulipoisha haukurudiwa. Miezi minne baadaye akanipigia simu rafiki niliyesoma naye chuoni, ambaye siku hizi yuko na kikundi cha watafiti pwani ya Msumbiji.

"Mkubwa, wewe si unapimaga marundo kwa droni? Huku tuna picha maelfu za nyangumi na hakuna mtu wa kuzipima."

Nilimwambia ukweli, kwamba sijawahi kumwona nyangumi. Akasema rundo nalo sikulijua kabla ya kuanza.

Kazi yenyewe ilinishika kwa sababu ya swali moja: mnyama ambaye huwezi kumweka kwenye mizani, utajuaje kama ameshiba? Zamani nyangumi alipimwa akiwa amekufa, juu ya meli za wawindaji au akiwa ametupwa na maji ufukweni. Baadaye watu kama Wayne Perryman wa Marekani wakawa wanawapiga picha kutoka kwenye ndege, kazi ghali na yenye hatari. Mwaka 2014 John Durban na wenzake walirusha helikopta ndogo ya mapanga sita juu ya orka, wale nyangumi wauaji, karibu na Kisiwa cha Vancouver huko Kanada, wakawapima wakiwa hai, wanaogelea na watoto wao. Tangu hapo njia ikafunguka. Fredrik Christiansen na wenzake walikwenda mbali zaidi: mwaka 2019 walionyesha, kwa nyangumi wa Península Valdés nchini Ajentina, kwamba ukiwa na urefu, upana na kimo cha mwili kutoka kwenye picha unaweza kukadiria uzito wa mnyama ambaye hakuna aliyemgusa.

Na namba hizo zinasema mambo mazito. Nyangumi weusi wa Atlantiki ya Kaskazini, wale wasio na pezi mgongoni ambao wamebaki chini ya 400, wanafupika. Joshua Stewart na wenzake waliandika mwaka 2021 kwamba anayezaliwa siku hizi hutarajiwa akikua kuwa mfupi kwa karibu mita 1 kuliko aliyezaliwa mwaka 1981, na kwamba kunaswa na kamba za wavuvi ni sehemu ya sababu. Niliposoma hayo nilikaa kimya kwa muda. Mita 1 katika miaka 40. Nikajiuliza: mpimaji akikosea nusu mita tu, jambo kama hilo litaonekana vipi?

Swali hilo ndilo lililonirudia baadaye kwa uchungu.

Tofauti ya mgodi na bahari niliielewa kichwani kabla ya kuielewa mikononi. Mgodini ardhi imetulia. Kabla ya kurusha droni unatandaza vibao vyeusi na vyeupe, unachukua mahali pa kila kibao kwa GPS ya kupimia, na hata droni ikidanganya kuhusu urefu wake angani, vibao vinairudisha kwenye mstari. Baharini utaweka kibao wapi? Maji yanapanda na kushuka, mashua inayumba, nyangumi anapumua mara tatu na kuzama. Unabaki na picha moja, na kitu kimoja tu kinachoipa picha hiyo vipimo: droni ilikuwa juu kiasi gani kutoka kwenye maji.

Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa sekondari. Chukua urefu wa droni juu ya maji, zidisha kwa upana wa sensa ya kamera, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, gawanya kwa fokasi ya lenzi, yaani umbali wa lenzi hadi sensa, kisha gawanya kwa idadi ya pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, katika upana wa picha. Utapata pikseli moja imefunika bahari kiasi gani. Kamera yetu ina sensa ya milimita 13.2, fokasi ya milimita 8.8 na picha ya pikseli 5,472. Droni ikiwa mita 30 juu, pikseli moja ni kama milimita 8.2. Nyangumi aliyejaza pikseli 1,600 ana mita 13.2. Sasa tuseme droni ilikuwa mita 31, wewe ukaandika 30. Nyangumi yuleyule kumbe ana mita 13.6. Umemwibia sentimita 44 bila kumgusa.

Na kosa la mita 1 ni rahisi mno kulifanya. Droni za kawaida hujua urefu wao kwa kupima mgandamizo wa hewa, na namba hiyo huhama kadiri upepo na joto vinavyobadilika. Tena sifuri yake ni mahali iliporuka. Ikirukia mkononi mwa mtu aliyesimama kwenye mashua, sifuri iko mkononi mwake, si kwenye maji. Ndiyo maana Steve Dawson na wenzake wa Otago, New Zealand, mwaka 2017 walieleza jinsi ya kufunga kipima-umbali kidogo cha leza chini ya droni ya kawaida, kisome maji moja kwa moja. Yetu inacho. Hata hivyo leza nayo ina siku zake: droni ikiinama sana, au maji yakiwa laini kama kioo, inakosa kusoma, na picha ya sekunde hiyo unaitupa.

Siku nyingi kazi yangu ilikuwa kutupa picha. Huyu amekunja mgongo anajiandaa kuzama: tupa. Huyu amelala ubavu: tupa. Pumzi yake imefunika ncha ya mdomo: tupa. Huyu yuko chini ya maji mita 2, anaonekana mdogo kuliko alivyo: tupa, hata kama picha ni nzuri ya kutundika ukutani. Aliyebaki, amenyooka juu ya maji, katikati ya picha, kamera ikitazama chini wima, huyo unamkuza mpaka ajae skrini. Unaweka nukta ya kwanza kwenye ncha ya mdomo, ya mwisho kwenye kipasuko cha katikati ya mkia. Programu tunayotumia inaitwa MorphoMetriX, ni ya bure. Inachora mistari ya kukata mwili kila baada ya asilimia 5 ya urefu, na kwenye kila mstari unaweka nukta mbili, kushoto na kulia, pale ngozi inapokutana na maji.

Pale ngozi inapokutana na maji. Ni rahisi kuandika. Ukikuza picha unaona hakuna mstari hapo. Kuna ukanda wa pikseli nne au tano, weusi unaoyeyuka kuwa kijani, na povu kidogo, na mng'ao wa jua. Upande mmoja ukipima kwa ukarimu na mwingine kwa uchoyo, umembadilishia mnyama afya yake. Nilijiwekea sheria: kila nyangumi nampima mara tatu, siku tofauti, bila kutazama namba za jana. Zikipishana sana, picha hiyo haifai, au macho yangu yamechoka.

Wiki ya tatu walinitumia folda ya video. Nyangumi akitokea kwa sekunde chache, video inakupa nafasi ya kuchagua sekunde aliponyooka. Nilichomoa picha kutoka kwenye video, nikaweka pikseli 3,840 mahali pa 5,472, nikaacha namba nyingine zote zilivyokuwa. Nikapima siku sita mfululizo. Tunaowapima ni nyangumi wa nundu, na aliye mkubwa kabisa kwa kawaida hafiki mbali zaidi ya mita 16. Mimi nilipata mama wa mita 17 na nusu. Nilifurahi kwelikweli. Niliituma orodha usiku huohuo, kisha nikamwita Mama aje aone.

Mama alikuwa uani anachambua matembele kwa ajili ya bukari, yaani ugali, ya usiku. Alikuja akiwa na sufuria mkononi, akatazama kile kivuli kirefu katikati ya maji, na kile kifupi kando yake.

"Huyu ndiye mtoto?"

"Ndiyo, Mama. Ana siku chache tu. Mita 5 na kitu."

Akatazama tena. "Na bidoni yako iko wapi, mwanangu?"

"Bidoni gani?"

"Kile kitu unachojua kipimo chake tayari. Ulikipima kwanza?"

Sikuwa na jibu. Alirudi kwenye matembele yake, na mimi nikabaki natazama skrini. Mtoto wa nyangumi wa nundu huzaliwa na mita 4 hadi 4 na nusu hivi. Huyu wangu, ambaye pezi la mgongoni lilikuwa bado limelala na ngozi ina mikunjo ya tumboni mwa mama, alikuwa na mita 5.1. Nilikuwa nimeiona namba hiyo na kuipita.

Katika kila folda kulikuwa na sekunde kadhaa za mashua yenyewe, droni inapoanza kupanda. Nilikuwa nazifuta, kwani hazina nyangumi. Nikazirudisha. Mashua ile ina mita 7.4 kwa futi ya chuma. Nikaipima kwenye video: mita 8.4. Nikaipima kwenye picha za kawaida za wiki ya kwanza: 7.4.

Usingizi haukuja. Asubuhi nilikuwa nimeshapata chanzo. Kamera ile, ikipiga video, haitumii sensa nzima. Inakata kingo na kusoma sehemu ya kati tu. Mimi nilikuwa nahesabu kana kwamba upana wote wa milimita 13.2 umo, basi kila pikseli niliipa bahari kubwa kuliko iliyoiona, na kila nyangumi akarefuka kwa zaidi ya asilimia 13. Nilimpigia rafiki yangu kabla hajafungua orodha yangu mbele ya wenzake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Afadhali umesema wewe."

Kuna njia ya mkato ambayo ilinivuta: kugawanya namba zote kwa kosa lile na kuendelea. Niliikataa, na hata leo naona nilifanya vema, kwa sababu mashua moja kwa urefu mmoja haitoshi kuapia kamera nzima. Nilimwomba atafute ubao, aupake rangi ya manjano, aukate mita 2 kamili, auweke uelee majini, kisha arushe droni juu yake kwa video katika mita 15, 20, 30, 40 na 50. Kutokana na picha hizo tukapata upana halisi ambao kamera inausoma ikiwa kwenye video, na pia tukajua kosa linalobaki ni kiasi gani. Nikarudia wote, 212, kwa usiku tisa, maana mchana umeme haukuwa wa kutegemea na betri ya kompyuta ilinipa saa mbili tu. Mama wa mita 17 na nusu akarudi kuwa mita 15.4. Bado ni mama mkubwa.

Tangu hapo kila namba ninayotuma ina mwenzake pembeni: kosa lake. Mgodini hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Walitaka tani, basi. Ningependa vijana wanaopima marundo huku kwetu walizoee, kwa sababu wanayo mikono na macho ya kazi hii, na si ya nyangumi tu. Botswana wamekwisha kuwahesabu na kuwachunguza viboko wa Okavango kwa droni za kawaida. Sisi tuna viboko Upemba, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1939, na ninaumia nikifikiri kwamba watu wa kuwapima wako hapahapa mjini, wanatafuta mkataba.

Agosti ya mwaka uliofuata waliniita kwa wiki tatu. Basi kutoka Kasumbalesa, Lusaka, Harare, kisha pwani. Kwenye mashua kazi yangu ilikuwa kuwa uwanja wa ndege: nasimama na glavu, miguu imetanuka, nainua droni juu ya kichwa mpaka ipae, na ikirudi naidaka kwa miguu yake, kwa kuwa sitaha inayoyumba haiwezi kupokea kitu. Nilikuwa nimekwisha kupima mamia. Lakini hakuna picha iliyonieleza sauti. Tulizima injini, maji yakawa kimya, na nyuma yangu kikatoka kitu kama mlango wa basi kubwa unaofunguliwa kwa hewa. Nyangumi mama alikuwa amelala juu ya maji, mweusi, mpana kuliko nilivyofikiri, na mtoto amepanda kidogo mgongoni mwake, anapumua haraka haraka: mara tatu kwa kila pumzi moja ya mama. Nilishika glavu yangu kwa mkono mwingine, nikasahau kutazama angani, na rafiki yangu akaniita kwa sauti ya chini: droni inakuja.

Kabla ya kila mruko ubao wa manjano ulitupwa majini kwanza. Nilikuta mabaharia, Watswa wa pale pwani wanaosema Kireno, wanauita bidoni. Rafiki yangu alikuwa amewasimulia.

Yule mama tulimpima Agosti 19. Nilipokwisha kurudi Lubumbashi, wakamwona tena wiki tano baadaye, wakamtambua kwa madoa ya chini ya mkia na kipande kilichokatika kwenye pezi. Folda ikanifikia usiku. Nyangumi hawa hula kamba wadogo wa bahari ya Antaktika wakati wa kiangazi cha huko, na wakija kwenye maji ya moto kuzaa hawali karibu chochote. Maziwa yanatoka kwenye mafuta ya mwili, na mama anamaliza mwili wake kwa mtoto mpaka safari ya kurudi kusini. Nilipima ubao. Nilipima mashua. Kisha nikampima yeye, mara tatu, siku tatu.

Mama yangu alikuwa ameketi nami siku ya tatu, amevaa miwani, ule utepe wake wa kupimia mikono ya watoto umekunjwa kidoleni, wenye nyekundu chini ya sentimita 11.5. Niliweka picha mbili kando kwa kando, Agosti na Septemba. Sikumwambia kitu. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akaweka kidole kwenye skrini, nyuma kidogo ya katikati ya mwili.

"Amekonda hapa."

Ni pale pale. Upana ulikuwa umepungua kwa sentimita 21, na kosa la kipimo halikufika hata nusu ya hiyo.

"Na mtoto?"

Nikamfungulia. Mita 4.6 mwezi wa nane, mita 5.5 mwezi wa tisa. Alisoma namba zote mbili kwa sauti, taratibu, kama anavyoziandika kwenye daftari lake la uwanjani. Kisha akasimama, akachukua bidoni pembeni ya mlango akaenda nayo bombani, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumatano.